Hodi ya Jaribio la Tatu

Kelele za uwanjani zina ufundi wake, na ufundi huo ninao. Nasema hivi bila haya, maana nimeupata kwa magoti, kwa mgongo, na kwa majira mawili ya joto ya kutembea juani na fimbo ya shaba mkononi huku Profesa Tolliver, mwalimu wetu wa bendi, akinifokea kwamba natembea kama mtu anayetafuta choo.

Naitwa Jerusha Gaskins. Mwaka huo nilikuwa kiongozi mkuu wa bendi ya Chuo cha Pettiway, mwanamke wa kwanza kuvaa ile kofia ndefu ya manyoya meupe. Kwetu Mississippi, kwenye vyuo vya watu weusi, anayevaa kofia hiyo husalimiwa kanisani kabla ya mchungaji, na mchungaji mwenyewe hanuni.

Wala bendi yetu haikuwa pambo la mpira, huu wa Kimarekani wa kushikwa mkononi. Mpira ndio uliokuwa kisingizio. Watu wa rika la shangazi yangu Verdell hawakuthubutu kuinuka wakati wa mapumziko, kwa sababu mapumziko ndiyo saa ya bendi. Aliyebanwa na haja alijikaza mpaka kipindi cha tatu kati ya vinne kianze, na wauza kambare wa kukaanga walilijua hilo, kwa hiyo wao nao walikunja mikono na kutazama. Mechi ikiisha, wachezaji waliingia kuoga na kuondoka zao, lakini watu walibaki wamekaa, kwa kuwa bendi mbili zilikuwa bado hazijamalizana.

Halafu akaja Thurlow Peebles, mkurugenzi mpya wa michezo.

Nimtendee haki. Alipofika, majukwaa yalikuwa yameanza kuota upweke. Wazee walizeeka, vijana wakawa wanatazama mechi za vyuo vikubwa kwenye simu. Peebles alileta skrini pana kama ukuta wa ghala, akafunga spika kila nguzo, akamwajiri dijei, kijana wa mjini kwetu aitwaye Dontrell, na akampa kibanda cha vioo juu kabisa. Vijana wakarudi. Hilo alilifanya yeye, si mimi.

Ila walirudi kutazama skrini. Skrini ikiandika PIGENI KELELE, wanapiga. Ikizimika, wanazimika nayo.

Ijumaa, siku moja kabla ya mechi na Chuo cha Harlow, ile ya kila mwaka inayowarudisha wahitimu wetu chuoni, Peebles alitukuta mazoezini akiwa na viatu vyake vya kung'aa, akasimama pembeni ya nyasi zisije zikavichafua.

"Binti Gaskins, kesho ni Jumamosi ya Kurudi Nyumbani. Wafadhili wapo, televisheni ipo. Bendi itapiga kabla ya mechi na wakati wa mapumziko. Mchezo ukiendelea, sauti ni ya Dontrell."

"Na majaribio ya tatu?"

"Nimesema sauti ni ya Dontrell."

"Mkurugenzi, jaribio la tatu ni la ngoma tangu uwanja huu ulipokuwa na viti vya mbao."

"Viti vya mbao tuliving'oa." Akatabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa baya, ndiyo maana liliniudhi zaidi. "Sikiliza, mwanangu. Ukipiga nje ya ratiba, Jumatatu kofia anavaa mwingine. Na bendi naipandisha kule juu, karibu na taa. Vile viti vya chini mnavyokalia wafadhili wameviulizia zaidi ya mara moja."

Akaondoka. Hosea Crump, mpigaji wetu wa ngoma kubwa, mtu mwenye mabega kama mlango wa gereji, akamsindikiza kwa macho.

"Karibu na taa," alisema. "Tutakuwa tunawapigia nondo na kumbikumbi."

Bendi yote ikacheka isipokuwa mimi. Kutoka kule juu ngoma haifiki uwanjani ikiwa na maana yoyote. Ukiipeleka bendi kule, umeizika na kuiwekea paa.

Sasa niseme jaribio la tatu ni nini, kwa asiyekulia kwetu. Katika mpira wetu timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. La tatu ndilo lenye roho. Likikwama, la nne mara nyingi ni la kuupiga mpira mbali na kuondoka na aibu yako. Kwa hiyo wageni wakifika jaribio la tatu, wenyeji hupiga kelele mpaka mrushaji wao, yule anayeupanga mchezo kwa mdomo, asisikike hata na aliyesimama ubavuni pake. Timu yetu ikiwa na mpira, tunanyamaza kama tuko msibani. Mtoto wa kwetu analijua hili kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Lakini kuna sheria. Chombo chochote, iwe ngoma, tarumbeta au spika, lazima kikome pale mchezaji wa katikati, yule anayeutoa mpira nyuma kwa mrushaji, anapoinama kuushika. Kikipitiliza, mara ya kwanza refa anatoa onyo. Mara ya pili anawapa wageni yadi kumi na tano za bure. Midomo ya watu, hata hivyo, sheria haiigusi. Miguu yao pia.

Ndiyo maana waliotutangulia walitunga mdundo tunaouita Hodi. Ngoma zinagonga mara tatu, nzito, kama mgeni mwenye haraka, kisha zinakata. Watu wanajibu kwa miguu, mara mbili juu ya chuma cha jukwaa, na kwa sauti: "Hapiti mtu!" Wanarudia, na wanarudia, mpaka mpira utoke. Kazi ya kiongozi ni kutazama mikono ya yule wa katikati na kukata ngoma kabla vidole havijagusa mpira. Ngoma inakufa, watu wanaendelea. Bendi inawasha tu. Moto wenyewe ni wa watu.

Hapo ndipo spika za Peebles zilipokuwa na tundu, na tundu lenyewe alikuwa hajaliona. Spika nazo hukatwa mchezaji akiinama. Na watu waliozoea kubebwa na spika, zikikatwa, wanashuka nazo.

Jumamosi asubuhi maegesho yote yalikuwa mahema ya zambarau na moshi wa mbavu za nguruwe. Nilipita kwenye hema la shangazi Verdell nikiwa nimevaa sare nusu, kofia kwapani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja mbele ya televisheni, na uwanja wenyewe uko nyuma yake, unaweza kuutupia kokoto.

"Antie, tiketi yako hii hapa. Mstari uleule wa siku zote."

"Mpe mtu mwenye masikio mabovu." Alinipachikia kipande cha mkate wa mahindi mdomoni kabla sijajibu. "Mle ndani kuna nini, Jerusha? Mashine inaniambia niruke, mashine inaniambia nikae. Kelele za mashine ninazo hata kwenye friji langu."

"Nitakuwepo mimi."

"Wewe nitakuona mapumziko, kwenye televisheni hii. Wakikuonyesha. Mwaka jana walionyesha tangazo la matairi."

"Antie, ukikaa nje wewe, na Bi Hattie, na Mzee Lonnie, mle ndani nani atabaki anayejua kujibu Hodi?"

Akageuza mbavu kwenye jiko, taratibu.

"Kwani bado mnabisha?" aliniuliza.

Nikamalizia mkate nikaenda zangu.

Vipindi viwili vya kwanza vilikwenda kama nilivyojua vitakwenda. Wageni wakifika jaribio la tatu, skrini inawaka, Dontrell anaachia wimbo, viti vinatetemeka, wanafunzi wanarukaruka na simu juu. Mchezaji wa Harlow anainama. Dontrell, kijana mwaminifu kwa sheria, anakata. Na uwanja mzima, maelfu ya watu, unakuwa kama darasa mwalimu mkuu anapoingia. Mrushaji wa Harlow, jitu lenye shingo nyekundu ya jua, akawa anaita mipango yake kwa starehe kabisa. Sisi tulikuwa upande wa pili wa uwanja na tulimsikia.

"Unasikia?" Hosea aliniuliza.

"Nasikia nini?"

"Ndiyo hivyo."

Mashabiki wa Harlow, walikuwa kona moja tu, wakatuona tulivyokaa na ngoma mapajani, wakaanza kutuchokoza.

"Pettiway! Mmekuja kutalii?"

"Hiyo kofia ya dada inatagiwa mayai?"

Nikasimama, nikaivua kofia, nikawaonyesha ndani yake tupu, nikaivaa tena. Walipiga makofi. Mashabiki wa Harlow wana adabu zao.

Mapumziko tuliichana bendi ya Harlow vipande. Sitajisifu sana, niseme tu kwamba nilipoinama kinyumenyume mpaka manyoya ya kofia yakagusa nyasi, wale wa kona ya Harlow walisimama bila kuambiwa na skrini. Tulikuwa mbele kwa alama tatu, ishirini kwa kumi na saba, na wachezaji wetu walionekana wamechoka. Harlow walikuwa wamepita majaribio yao ya tatu yote, moja baada ya jingine, kama watu wanaopita geti lisilo na mlinzi.

Katika kipindi cha tatu nikachoka kukaa.

Harlow walikuwa na jaribio la tatu, yadi sita. Dontrell alikuwa bado anatafuta wimbo. Nikapanda ngazi yangu ya kuongozea, nikainua fimbo. Safu ya ngoma ikanitazama kama mtu anayeulizwa kama kweli anataka kuoa.

"Hodi," nikasema.

Ngoma zikagonga. Tatu. Lo! Sauti ile ilipita kwenye kifua changu nikajua nilichokuwa nimenyang'anywa. Mistari michache ya wazee katikati ya jukwaa ikajibu, miguu miwili, "Hapiti mtu!" Wengine wote waligeuza shingo kutafuta nani kaanguka. Wanafunzi walitazama skrini, skrini haikuwa na neno, wakatazamana.

Na hapo Hosea, kama mtu yeyote wa kwetu anayebisha mlangoni asisikie jibu, akabisha tena.

Pigo moja tu. Lakini yule wa katikati alikuwa ameshainama. Kitambaa cha njano, kile refa anachorusha akiona kosa, kikaruka hewani, naye akatuelekezea mkono mbele ya uwanja mzima: bendi ya wenyeji, onyo. Harlow wakarudia jaribio, wakapita.

Peebles alishuka zile ngazi akizirukia mbilimbili.

"Nilisemaje? Nilisemaje jana?"

"Ulisema sauti ni ya Dontrell."

"Na hiyo ilikuwa nini?"

"Hiyo ilikuwa Hodi, Mkurugenzi. Haikujibiwa, ndiyo maana hukuitambua."

Akamgeukia Profesa Tolliver, aliyekuwa amekaa na karatasi zake za muziki magotini, miwani puani.

"Profesa! Umemsikia kijana wako?"

"Leo masikio yangu hayako sawa kabisa," alisema Profesa Tolliver. "Ni zile spika, nadhani."

Peebles alinyoosha kidole mpaka kikakaribia kugusa kifungo cha sare yangu. "Onyo moja tayari. Likija la pili ni yadi kumi na tano, na unaniangushia mechi ya Kurudi Nyumbani mbele ya televisheni. Hapo hutapoteza kofia tu. Chuo hiki hakitakusahau."

Alipopanda kurudi juu, Hosea aliuweka mchi wake wa kupigia ngoma miguuni.

"Nilidhani hawakusikia," alisema.

"Walisikia. Hawajui pa kujibu."

"Basi tumekwisha."

"Hatujaisha. Hatujafundisha." Nikawageukia watu wa tromboni, kumi na wawili, wote wenye midomo mikubwa kwa kazi na kwa asili. "Wekeni tromboni chini. Nendeni kwa wanafunzi. Kila mmoja ashike mistari miwili."

"Tukawaambie nini?"

"Kile ambacho mama zenu waliwaambia."

Nami nikashuka nikaenda nao. Msichana mmoja mwenye nyota za zambarau mashavuni akaniinulia simu usoni.

"Dada kofia! Hii ni mpya?"

"Ina umri mkubwa kuliko mama yako. Shusha simu, nataka miguu yako. Ngoma ikigonga tatu, wewe unagonga mbili, unasema hapiti mtu. Halafu hunyamazi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mpira utoke."

"Hata skrini ikizima?"

"Hasa skrini ikizima."

Akacheka. Mwenzake mvulana, mwembamba, koti la udaktari wa mifugo mgongoni, akauliza, "Na sisi tukiwa na mpira?"

"Ukisikika nakufuata nyumbani."

Walilijaribu palepale, kwa sauti ya chini, kama watoto wanaojifunza tusi. Mistari miwili, minne, kumi. Nilipokuwa narudi kwenye ngazi yangu nikamwona mtu anapenya kutoka mlango wa kaskazini na aproni ya jikoni bado kiunoni na ubavu wa nguruwe mkononi. Nyuma yake Bi Hattie, nyuma ya Bi Hattie Mzee Lonnie na kiti chake cha kukunja, na nyuma yao sijui hema ngapi.

"Nani amebisha?" shangazi Verdell alipaza sauti. "Tumesikia kule nje. Nani amebisha watu wakakaa kimya kama wana deni?"

"Mimi, Antie."

"Na huyo aliyeongeza pigo?"

Hosea akatafuta kitu cha kutazama chini.

"Umelelewa," shangazi alimwambia. "Lakini usirudie."

Dakika za mwisho zilitukuta palepale: ishirini kwa kumi na saba. Harlow walikuwa na mpira, wamesogea mpaka karibu kabisa na mstari wetu wa mwisho, mahali pa kufunga. Jaribio la tatu, yadi nne. Wakipita, mechi ni yao. Na mimi nikipiga na kuchelewa kwa ukucha, refa anawasogeza bure, na mechi ni yao vilevile, ila kwa mkono wangu.

Harlow waliomba kusimama kidogo wapange. Spika zikajaza pengo kwa tangazo la magari. Nikapanda ngazi. Nikakitazama kibanda cha vioo kule juu. Dontrell alikuwa ameinamia mashine yake, kidole tayari, na nyuma yake kivuli cha Peebles kinapunga mikono. Nikainua mkono nikakunja ngumi, ile ishara tunayotumia kusema kimya. Dontrell akatikisa kichwa. Nikaiacha ngumi palepale juu. Mimi mkono wangu hauchoki. Umebeba fimbo ya shaba majira mawili.

Tangazo likaisha.

Dontrell alisimama, akaiweka mikono yote miwili kichwani, mbali na mashine, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Baadaye aliniambia bibi yake alikuwa amekaa mstari wa kumi na angemuua kama angewasha wimbo. Spika zikabaki kimya. Skrini ikawa nyeusi. Kwa pumzi moja uwanja wote ulijisikia wenyewe.

"Hodi," nikasema.

Tatu.

Miguu miwili ya maelfu ikashuka juu ya chuma. "Hapiti mtu!"

Niliwapa mgongo watu, macho yangu yakawa kwenye mikono ya yule wa katikati wa Harlow. Alikuwa akitembea kuuendea mpira, anajifuta viganja kwenye suruali. Tatu tena. "Hapiti mtu!" Akafika. Akapanua miguu. Watu wa ngoma hawakumwona yeye, waliniona mimi tu, na mimi nilimwona yeye tu. Mgongo wake ulipoanza kupinda kwenda chini nikakata hewa kwa fimbo.

Ngoma zikafa. Hakuna pigo lililovuka. Refa alitutazama, mkono kwenye kitambaa chake, akatafuta, hakupata.

Na kelele hazikushuka.

Zilipanda. Wanafunzi walikuwa wameelewa sasa, na mtu akielewa humwambii mara ya pili. "Hapiti mtu!" na miguu, na "Hapiti mtu!" na miguu, mpaka maji kwenye chupa yangu chini ya ngazi yakawa yanaruka. Mrushaji wa Harlow aliita mpango wake. Niliona mdomo tu. Akamgeukia wa kulia, akamgeukia wa kushoto, akaweka viganja mdomoni kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Mlinzi wake mmoja, kwa kutosikia, akaruka kabla ya mpira. Kitambaa cha njano. Harlow, yadi tano nyuma.

Mrushaji alimwendea refa, akamwonyesha jukwaa kwa mikono yote miwili. Refa akamsikiliza, akatutazama sisi wa bendi tulivyosimama na vyombo vimelala, akanyanyua mabega, kama anayesema: Unataka nimpe onyo nani? Shangazi Verdell?

Jaribio la tatu lilelile, sasa yadi tisa. Nikabisha tena. Nikakata tena, mapema kidogo, kwa sababu nilikuwa na uhakika na walio nyuma yangu. Yule wa katikati aliurusha mpira nyuma kwa hesabu yake mwenyewe, na mrushaji wake alikuwa bado amegeuka pembeni anapiga kelele kwa mtu asiyemsikia. Mpira ulimpita begani. Ukaanguka, ukadunda, na kijana wetu mmoja mnene, ambaye hajawahi kushika mpira tangu ajiunge, akaulalia kama mama anayelalia mtoto kwenye radi.

Hatukusikia kipenga cha mwisho. Nilijua mechi imekwisha nilipoona wachezaji wa Harlow wanavua kofia zao. Bendi yao haikuondoka, wala yetu. Tulipigiana mpaka jua likaisha, na safari hii wanafunzi nao walikaa.

Jumatatu niliitwa ofisini kwa Peebles. Profesa Tolliver alikuwa ameshaketi kona, miwani puani. Kofia yangu niliibeba mkononi, maana nilitaka nimpunguzie mtu safari ya kuja kuichukua.

Peebles hakuwa na hasira. Alikuwa na kikombe cha kahawa na uso wa mtu ambaye simu yake haijapumzika tangu Jumamosi.

"Keti, Binti Gaskins."

"Nimezoea kusimama."

"Haya. Nitasema mbele ya Profesa ili asiwepo wa kunigeuzia maneno. Bendi inabaki ilipo. Mfadhili mwenyewe amenipigia, anasema hataki tena vile viti, anataka vilivyo karibu navyo. Majaribio ya tatu ni ya ngoma. Dontrell atakaa na Profesa wapange."

"Asante, Mkurugenzi."

"Sijamaliza. Nilikupa amri, ukaivunja hadharani mara tatu. Nikiliacha lipite, kila mtu hapa atafanya atakalo, kuanzia mpishi mpaka kocha. Wewe ungekuwa kwenye kiti hiki ungeliacha?"

Nikafikiri, kwa sababu swali lilikuwa la haki.

"Nisingeliacha," nikasema.

"Vizuri. Kwa hiyo sitaki makubwa. Jumamosi ijayo, kabla ya mechi, unapanda kwa Dontrell, unashika maikrofoni, unasema maneno machache. Kwamba ulikosea, kwamba uliiweka timu hatarini, kwamba unaomba radhi. Nusu dakika. Kofia inabaki yako mpaka umalize chuo. Usiposema, iache hapo mezani."

Profesa Tolliver aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ni nusu dakika tu, Jerusha," alisema polepole. "Watu husema uongo mrefu kuliko huo wakila chakula cha jioni."

Alinitakia mema, najua. Niliitazama kofia. Manyoya yake yalikuwa bado na majani ya uwanjani upande mmoja. Nikawafikiria wale waliojibu, msichana wa nyota za zambarau na mwenzake wa koti la mifugo, wamesimama Jumamosi ijayo, na ile skrini pana inawaonyesha uso wangu ukiwaambia kwamba miguu yao ilikuwa kosa. Wangeketi. Skrini ikisema, wao huketi. Na wakiketi, hao wa kuja baada yangu watabisha mpaka mikono iwavimbe.

Nikaiweka kofia mezani, katikati ya karatasi zake, nikaipangusa yale majani.

"Nitarudi kwenye tarumbeta," nikasema. "Kule safu ya nyuma. Na Hosea ana jicho zuri, mpeni yeye fimbo."

"Binti Gaskins. Maneno machache tu."

"Nimeyasikia, Mkurugenzi. Ulinikataza, nikakukatalia, na jaribio la tatu likija kesho nitapiga tena. Umesema mwenyewe mbele ya Profesa kwamba bendi inabaki, na kofia hiyo hapo mbele yako. Radhi siombi. Si kwa maikrofoni, si kwa mdomo mtupu, si hapa ofisini mlango umefungwa. Siombi."